Betri ya Nne

Kasi alipobonyeza kitufe cha selfu, pikipiki ilijibu tak, mara moja tu, kama mtu aliyeulizwa swali asilotaka kulijibu. Akabonyeza tena. Safari hii hata hiyo tak haikuja. Taa ya kijani iliyo juu ya usukani ilififia, ikazimika, naye akabaki ameketi kando ya barabara ya vumbi, nyuma yake kasha la sampuli za damu limefungwa kwa mpira, na saa ya mkononi ikimwambia ni saa tatu kasoro dakika tano.

Maabara ya hospitali kuu ilipokea sampuli za zahanati hadi saa nne. Kutoka hapo hadi hospitalini ni dakika ishirini kwa pikipiki inayowaka. Kwa pikipiki inayosukumwa, hakuna aliyewahi kuhesabu.

Alisukuma. Ingekuwa zile za zamani, angepiga kiki akaenda zake hata bila betri. Hii ya kwake ilikuwa ya kisasa. Betri ikilala, na yenyewe inalala. Kwenye mteremko aliirukia na kujaribu kuiwasha kwa gia. Ikakohoa, ikatembea hatua ishirini, ikafa. Wenzake waliompita walipiga honi, mmoja akapaza sauti, "Kasi, leo umeamua kutembea na mtoto?" Kasi akaendelea kusukuma. Jina hilo la Kasi alipewa zamani kwa sababu ya mwendo wake, na mwezi huo lilikuwa limegeuka kuwa tusi.

Alifika maabara saa nne na dakika thelathini na tano, shati limemganda mgongoni. Karani wa mapokezi, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, alifungua kasha, akagusa mfuko wa barafu uliokwisha kuwa maji, akalifunga tena.

"Hizi rudisha."

"Mama, nimesukuma kutoka kule kwenye kiwanda cha matofali."

"Pole. Lakini damu haijui kwamba ulisukuma."

Pale zahanati, sista mkuu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alilipokea kasha, akaliweka mezani, akakunja mikono.

"Hii ni mara ya tatu."

"Sista, ni betri."

"Wiki iliyopita pia uliniambia ni betri."

"Ile ilikuwa betri nyingine."

"Na ile ya mwezi uliopita?"

"Ile ndiyo ya kwanza."

Sista akaelekeza kidole kwenye benchi la nje, alikokuwa ameketi mama mmoja na mtoto wa kike wa miaka kama minne, amevaa viatu visivyofanana. "Yule mtoto ni mmoja wa watu kumi na mmoja ambao itabidi niwatoboe tena. Leo alishikwa na watu wawili ndipo tukapata mshipa. Mimi nimechoka kuwaeleza watu. Nenda kamweleze wewe."

Kasi alikwenda. Alisimama mbele ya benchi akiwa ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili. Alieleza betri, alieleza kusukuma, alieleza maabara inafunga saa ngapi. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimwumiza zaidi. Halafu akainama, akamwambia mwanawe taratibu, "Haya, mkono ule mwingine." Mtoto aliuficha mkono nyuma ya mgongo na kumtazama Kasi. Hakumtazama sista mwenye sindano.

*

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili. Kimoja cha kulala, na kingine kilichokuwa sebule, jiko, karakana ya mkewe aliyekuwa mshonaji, na tangu miezi minane iliyopita, chumba cha baba mkwe wake. Mzee huyo alitengeneza redio za watu kwa miaka arobaini, hadi macho yalipomsaliti. Aliona pembezoni, katikati hakuona. Ukisimama mbele yake, alikujua kwa masikio yako. Alilala kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya cherehani, na asubuhi alikikunja kabla mtu hajaamka, ili asionekane anachukua nafasi. Hakuna siku aliyoomba sukari mara mbili.

Kasi na mkwewe hawakuwa wamegombana. Walikuwa wameheshimiana mno, basi. Kila mmoja alichelea kumkosea mwenziwe, na kwa sababu hiyo walizungumza kwa kupitia mshonaji, hata wakiwa wameketi umbali wa kupeana chumvi.

"Mwambie baba," alisema Kasi jioni ile kabla jua halijazama, akivua viatu, "kesho nitachelewa kumpeleka kliniki ya macho. Lazima nipitie kwa Daktari nipate betri."

Daktari alikuwa fundi pikipiki, mwenye kibanda karibu na stendi. Jina hilo alijipa mwenyewe.

"Baba, amesema—"

"Nimesikia," alisema mzee. "Muulize mumeo, hiyo itakuwa betri ya ngapi?"

"Ya nne," alisema Kasi.

"Anasema ya nne, Baba."

"Mwambie betri tatu haziwezi kufa mwezi mmoja kwenye pikipiki moja. Hizo hazifi. Zinalala njaa. Kuna kitu hakizilishi."

Kasi aliweka kiatu chini polepole kuliko ilivyohitajika. "Mwambie baba kwamba Daktari ameshabadilisha hadi regulata. Kile kidude cha chuma kinachopokea umeme wa injini na kuupeleka kwenye betri. Kipya. Nimekilipia mimi."

"Muulize alipima kabla ya kubadilisha?"

"Mwambie yule ni fundi, hana haja ya kupima, anajua kwa kusikiliza."

"Mwambie mimi niliwasikiliza watu wengi wa namna hiyo. Nilikuwa nafungua redio walizoziua."

Mshonaji aliacha kukanyaga cherehani. Mbele yake palikuwa na gauni la mteja, la kuchukuliwa kesho yake saa mbili, na nusu ya mkono ulikuwa bado. Aliwatazama wote wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, kisha akaendelea kushona kwa nguvu hata uzi ukakatika.

*

Kibanda cha Daktari kilinuka mafuta machafu na mpira ulioungua. Alimpokea Kasi kwa uchangamfu wote, akaigusa betri kwa nyaya mbili, akatikisa kichwa kama anayetoa habari za msiba.

"Imekwenda hii."

"Ina siku tisa."

"Siku hizi wanatengeneza vibaya. Ndiyo maana nakwambia, usinunue mpya. Nina moja ya mkononi, nzima kabisa, nakupa kwa nusu bei kwa sababu ni wewe. Hiyo mbovu niachie hapo, utanisaidia kuondoa uchafu."

Hayo ya kuacha mbovu aliyasema pia mara ya kwanza, na ya pili. Kasi alikuwa ameacha betri zake mbili hapo na kushukuru kwa kupunguziwa mzigo.

Daktari alivuta betri kutoka chini ya meza, akaifuta kwa kitambaa. Ilikuwa na karatasi ya gundi ubavuni, imeandikwa kwa kalamu nene: SAFI. Kasi aliipokea, akaigeuza. Pembe moja ya karatasi ilikuwa imeinuka, na chini yake palionekana mikwaruzo. Akaibandua. Mikwaruzo ilikuwa tarehe, imechorwa kwa msumari, na namba saba ina kijiti katikati, kama alivyofundishwa kuandika saba darasa la kwanza.

Alikumbuka vizuri siku aliyoichora. Alitaka ajue betri itadumu muda gani.

"Hii ni yangu," alisema.

"Zinafanana."

"Ni mwandiko wangu, Daktari."

Daktari aliangalia tarehe ile kana kwamba ni mara ya kwanza kuona maandishi. "Sasa... niliichaji, ikakubali. Nilitumia umeme wangu."

"Uliniambia imekufa."

"Ilikuwa imekufa. Nimeifufua."

Kulikuwa na madereva wawili wamekaa kwenye magurudumu makuukuu, wakisubiri huduma. Mmoja alianza kucheka, akajizuia. Kasi angeweza kumkunja Daktari shati, mikono ilishataka. Lakini kilichomwumiza zaidi ya wizi wenyewe ni kwamba mzee aliye nusu kipofu, aliyekaa nyuma ya cherehani, alikuwa amelisema jambo hili lote bila hata kuinuka kitini.

Alichukua betri yake bila kulipa. Daktari hakumzuia, ila alimwambia alipokuwa akitoka, "Lakini utarudi. Mimi sijakuharibia pikipiki."

Na katika hilo, kama ilivyokuja kujulikana, Daktari alisema kweli.

*

Jumapili asubuhi Kasi aliiweka pikipiki uani, akaingia ndani, akasimama mbele ya mkwewe.

"Mke wangu, mwambie baba—"

"Baba huyo hapo," alisema mshonaji, sindano mbili zikiwa midomoni. "Ana masikio mawili, yote mazima. Mimi nina gauni."

Mzee alijiweka sawa kitini. Kasi alijikuna shingo.

"Baba," alisema mwishowe. "Naomba uniangalizie pikipiki."

"Kuangalia ndiko nisikoweza, mkwe. Lakini twende."

Aliinama nyuma ya cherehani akatoa sanduku la mbao, na ndani yake mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwenye soksi. Alimkabidhi binti yake, si Kasi. "Wewe una mikono isiyotetemeka. Utagusa nitakapokwambia, na utanisomea. Usinikadirie. Nataka namba kama ilivyo."

"Na mimi?" aliuliza Kasi.

"Wewe utakaza mkono wa mafuta, injini ipate kunguruma."

Basi mwenye pikipiki akawa mtu wa kukaza mkono wa mafuta. Mshonaji alitoa sindano midomoni, akachuchumaa, akagusisha ncha nyekundu na ncha nyeusi kwenye betri ile ile iliyoandikwa tarehe.

"Kumi na mbili nukta saba," alisoma.

"Injini imezimwa? Basi betri ni nzima. Mkwe, washa."

Iliwaka bila tatizo, kwa dharau, kama inavyofanya kila inapokuwa mbele ya watu.

"Sasa kaza kidogo. Hapo hapo. Mwanangu, ngapi?"

"Kumi na mbili nukta tano. Nne. Inashuka, Baba."

"Ingekuwa inachajiwa ingepanda hadi kumi na nne. Haichajiwi. Zima."

"Nilijua ni regulata," alisema Kasi. "Aliniwekea feki."

"Hujui. Wala mimi sijui. Ndiyo maana tunapima." Mzee alisema bila ukali. "Kutoka kwenye injini zinakuja nyaya tatu za njano. Zipo?"

"Zipo, zimeingia kwenye soketi nyeupe," alisema mshonaji.

"Geuza mita kwenye ule upande wa alama ya wimbi. Ichomoe hiyo soketi, pima nyaya mbili mbili. Mkwe, washa, kaza."

Alipima ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Mara zote tatu alisoma namba ile ile, hamsini na kitu. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Injini ilikuwa inazalisha umeme kama kawaida.

"Rudisha soketi. Geuza mita ilivyokuwa mwanzo. Sasa pima waya mwekundu pale pale unapotoka kwenye regulata."

"Kumi na nne nukta sita."

Kasi aliachia mkono wa mafuta. "Si ulisema kumi na nne ndiyo sawa?"

"Ndiyo. Regulata ni nzima. Hata hiyo ya kwanza labda ilikuwa nzima." Mzee alitembeza vidole hewani kana kwamba anafuata waya asiouona. "Hapa unatoka umeme wa kumi na nne. Kwenye betri tunakuta kumi na mbili. Basi unapotelea katikati. Fungueni kiti. Fuateni waya mwekundu kwa vidole, kila inchi."

Kasi alifungua kiti, na hapo ndipo alipoanza kuchelewesha. Alitafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Aliuliza kama kuna mtu anataka chai. Mshonaji alipitisha vidole kwenye waya, akafika kwenye fundo la tepu nyeusi lililovimba kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Hapa pana moto, Baba. Tepu imeyeyuka."

"Bandua."

Ndani ya tepu, nyaya mbili za shaba zilikuwa zimesokotwa kwa mkono, zimeota ukungu wa kijani, nyuzi zake nyingi zimekatika, zimebaki nne au tano. Kutoka kwenye fundo hilo ulitoka waya mwingine, mweupe, ukaelekea mbele.

"Unaenda wapi huo mweupe?" aliuliza mzee.

Mshonaji aliufuata kwa macho hadi kwenye taa mbili kubwa za duara zilizofungwa chini ya usukani, taa ambazo mumewe alizinunua mwaka jana na kupigwa picha nazo.

"Ni nani aliyeunga hapa?" mzee aliuliza tena.

"Ni mimi," alisema Kasi.

"Daktari hakugusa?"

"Hakugusa. Nilitaka kuokoa hela ya ufundi. Nilikata waya nikaunga mwenyewe, nikafunga tepu." Alikuwa anatazama chini. "Betri tatu. Na regulata. Na yule mtoto."

Mshonaji alifungua mdomo. Alikuwa na maneno ya mwezi mzima, na yote yalikuwa ya haki. Baba yake aligusa bega lake, akamwahi.

"Mkwe, mimi niliwahi kuunguza duka zima la mtu kwa fundo kama hilo. Toa sandukuni mwangu risasi na pasi ya kulehemu waya. Nitakuelekeza, safari hii utaunga wewe mwenyewe. Na hizo taa utazipa waya wake na fyuzi yake."

Ilichukua saa mbili. Kasi aliungua vidole mara tatu na akaambiwa arudie mara mbili. Walipowasha, mshonaji aligusisha ncha za mita kwenye betri, akaisoma namba kimoyomoyo kwanza, halafu kwa sauti. "Kumi na nne nukta mbili."

Mzee alisema tu kwamba sasa anaweza kunywa ile chai, na kama sukari ipo, aongezwe.

*

Jumatatu Kasi aliwasili zahanati saa moja asubuhi, pikipiki imeoshwa. Kasha halikuwapo dirishani.

"Limeshaondoka," alisema sista mkuu. "Nimempa Mpole."

Mpole alikuwa dereva wa stendi ile ile, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyekuwa na mdomo kama wake.

"Sista, nimegundua tatizo lilikuwa wapi. Nimeunga, nimepima. Inatoa kumi na nne nukta mbili."

"Nafurahi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nafurahi. Lakini nimeshawaandikia wilayani, na siwezi kubadilisha dereva kila wiki kama nabadilisha glavu. Mpole akikosa, nitakuita."

Kasi alitaka kumweleza juu ya fundo, juu ya mita, juu ya vidole vyake vilivyoungua. Aliona jinsi maelezo hayo yatakavyosikika, akashukuru, akaondoka. Siku ile, na siku zilizofuata, alibeba abiria wa kawaida, mizigo ya sokoni, godoro moja. Pikipiki haikuzimika hata mara moja. Hilo ndilo lililomkera kupita yote.

Habari za mita zilisambaa stendi. Madereva walianza kuja uani siku za Jumapili, kisha hata siku za kazi, wakiuliza mzee yupo. Mzee aliwajibu kwamba wamwulize binti yake, maana yeye ndiye anayeona. Mshonaji alilalamika kwamba nguo za watu zinanuka petroli, na akaendelea kupima.

Wiki ya tatu, asubuhi ya saa tatu na robo, Mpole aliingia uani akisukuma pikipiki, jasho linamchuruzika hadi kwenye kope. Kwa mara ya kwanza tangu ajulikane, hakuwa na la kusema. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kasha la sampuli.

"Imezimika hapo kona," alisema hatimaye. "Nimesikia mna mita."

Kasi alikuwa amekaa kizingitini akinywa chai. Aliangalia kasha, akaangalia saa yake. Mshonaji alitoka na mita mkononi, akasimama, akamtazama mumewe.

"Mwisho wa mwezi sista anafanya hesabu ya waliochelewa," alisema Mpole. "Nimeshachelewa mara mbili kwa ajili ya pancha. Hii ikiwa ya tatu..." Hakumalizia.

Kasi alikuwa anaifahamu ile hesabu vizuri kuliko mtu yeyote. Alichotakiwa kufanya ni kumaliza chai yake tu. Si lazima amdhuru mtu. Angekunywa polepole, mkewe angepima kama inavyopaswa kupimwa, hatua kwa hatua, na saa nne ingejipitia yenyewe.

"Kuna watoto humo?" aliuliza.

"Sijui. Mimi nabeba kasha."

"Wapo," alisema Kasi kwa hasira. "Wapo kila siku." Akaweka kikombe chini, akafungua mpira, akalihamishia kasha kwenye pikipiki yake. "Na wewe mwanaume mzima unasukuma damu ya watu badala ya kupiga simu. Kaa hapo. Ukiambiwa kaza mkono wa mafuta, ukaze. Usijifanye unajua."

Aliondoka kwa ule mwendo uliompa jina.

Karani wa maabara alivaa miwani yake, akafungua kasha, akagusa barafu. Ilikuwa bado ngumu. Alitoa vichupa kimoja kimoja akavipanga kwenye kibao, kumi na vinne, kisha akafungua daftari na kuutazama uso uliokuwa mbele yake.

"Wewe si walikuondoa?"

"Waliniondoa."

"Hapa nina jina la Mpole."

"Ndiyo."

"Sasa niandike ameleta nani? Sista wenu anaipitia hii kila mwisho wa mwezi."

Kasi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane. Alilitazama lile daftari, na nafasi iliyo wazi mbele ya tarehe ya siku hiyo, ambapo jina lake lingetosha vizuri kabisa.

"Andika Mpole."

"Lakini wewe si Mpole."

"Leo mimi ndiye mpole, mama. Andika kabla sijabadili mawazo."